Karatasi ya Diwani Ndiyo Kura ya Meya

Tangu New York imchague Zohran Mamdani kuwa meya, Novemba 2025, kuna swali limehamia kwenye vijiwe vya kahawa vya Dar es Salaam na halitaki kuondoka. Kijana kazaliwa Kampala, baba yake aliwahi kufundisha pale Mlimani miaka ya 1970, kwa hiyo watu wamemfanya wa nyumbani kidogo. Wameona wakazi wa jiji lile wakipanga foleni na kumpigia meya kura kwa jina lake. Sasa wanauliza: mbona sisi wetu tunamsikia tu redioni, ameshachaguliwa?

Jibu ni kwamba nawe ulimpigia kura, ila jina lake halikuwa kwenye karatasi. Siku ya uchaguzi mkuu mpiga kura hupewa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Hiyo ya tatu wengi huichukulia kama chenji ya sh. 50 kwenye daladala, ukirudishiwa sawa, usiporudishiwa sawa. Na ndiyo iliyobeba meya.

Utaratibu wetu unatokana na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982, ambayo vitabuni ni Sura ya 288. Madiwani wakishapatikana, wanakutana na kumchagua mwenzao mmoja awe meya. Huyo hukaa kwa uhai wote wa baraza, yaani miaka mitano. Naibu wake huchaguliwa kila mwaka, na anaweza kurudi tena na tena wenzake wakimtaka. Jirani zetu wa Nairobi tangu 2013 wanampigia gavana wao kura moja kwa moja. Sisi tumebaki na njia ya mzunguko. Njia ya mzunguko si lazima iwe mbaya. Ubaya ni kuipita bila kujua inakwenda wapi.

Meya wa Dar si meya wa Dar yote

Kabla ya kuhesabu kura, jua kwanza unachagua meya gani. Mkoa wa Dar es Salaam una halmashauri tano, na kila moja ina meya wake: Jiji la Dar es Salaam, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Mtu wa Mbagala akisema "meya wetu wa jiji", anamtaja meya asiyemhusu. Wake yuko Temeke. Wa Kimara wake yuko Ubungo, wa Masaki na Tegeta wao yuko Kinondoni.

Mkanganyiko huu una historia. Dar es Salaam ilipewa hadhi ya manispaa mwaka 1949, na ya jiji Desemba 1961, mara tu baada ya uhuru. Mwafrika wa kwanza kuketi kwenye kiti cha umeya alikuwa Sheikh Amri Abedi, mshairi, aliyechaguliwa mwaka 1960. Miaka ya 1970 mabaraza ya miji yalifutwa wakati wa sera ya Madaraka Mikoani, yakarudishwa 1978 baada ya miji kuchakaa. Mwaka 1996 baraza la jiji likavunjwa tena, na Tume ya Jiji iliyoongozwa na Charles Keenja ikaendesha mambo hadi 2000, jiji lilipogawanywa katika manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke, juu yake ikiwepo Halmashauri ya Jiji. Baadaye Ubungo ikamegwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni kutoka Temeke.

Halafu Februari 2021 Rais Magufuli akaivunja ile Halmashauri ya Jiji ya juu na kuipandisha Manispaa ya Ilala kuwa Jiji. Kwa siku moja jina "Jiji la Dar es Salaam" likahama kutoka mkoa mzima hadi eneo la Ilala: Posta, Kariakoo, Upanga, Buguruni, Tabata, Ukonga, Gongo la Mboto, hadi Chanika. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa. Waliokuwa Ilala ni 1,649,912. Kwa hiyo anayeitwa Meya wa Jiji la Dar es Salaam ni meya wa chini ya theluthi moja ya watu wa Dar es Salaam.

Kuvunjwa kwa chombo cha juu kulipunguza gharama na ugomvi wa nani ana mamlaka wapi, hilo halibishaniwi. Kilichopotea ni meza moja ya kuzungumzia mambo yasiyojua mipaka. Lori la taka linaloondoka Tegeta kwenda dampo la Pugu Kinyamwezi linatoka Kinondoni na kumaliza safari kwenye ardhi ya Jiji. Mto Msimbazi hauulizi kata. Basi la mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni linapita kwenye halmashauri tatu tofauti, na hakuna meya hata mmoja kati ya hao watatu anayeliendesha.

Hesabu ya kata

Mkoa una kata 102: Jiji 36, Temeke 23, Kinondoni 20, Ubungo 14 na Kigamboni 9. Kila kata hutoa diwani mmoja. Juu ya hao huongezwa wabunge wa majimbo yaliyomo ndani ya halmashauri, na madiwani wanawake wa viti maalumu ambao kwa sheria hawapungui theluthi moja. Wote hao ni wajumbe wa baraza na wote wana kura. Mwenyekiti wa mtaa hayumo. Hili linawachanganya wengi, kwa sababu uchaguzi wa serikali za mitaa, ule wa Novemba 2024, hufanyika mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu na watu hudhani ndio unaozaa baraza. Mwenyekiti wa mtaa ni muhimu kwa barua ya utambulisho na ugomvi wa mfereji, lakini meya hamchagui.

Chukua mfano wa Jiji. Kata 36, majimbo manne baada ya Kivule kuongezwa mwaka 2025, na tuseme viti maalumu ni 12. Jumla ni wajumbe 52. Nusu ni 26, kwa hiyo anayetaka umeya anatafuta kura 27. Ukianza na kata pekee utadhani anahitaji kushinda kata 27, na hapo ndipo watu hukosea. Viti maalumu hugawiwa vyama kwa uwiano wa kata walizoshinda. Chama chenye kata 24 kati ya 36 kinapata viti maalumu 8 kati ya 12, kinafikisha kura 32 kabla hata ya kuhesabu mbunge. Chama chenye kata 21 kinapata 7, jumla 28, nacho kimeshavuka mstari. Kwa maneno ya mtaani, kila kata tatu zinazaa kura nne. Kata moja inayopotea kizembe huondoka na theluthi moja ya njia kuelekea kiti kingine.

Wanaoijua hesabu hii hawatawanyi nguvu sawasawa. Wanajua pia kwamba kata hazilingani. Kata za katikati, Kivukoni au Kisutu, zina wakazi maelfu machache tu. Mchana zimefurika, usiku zimebaki walinzi. Majohe, Chanika au Kivule zina makumi kwa makumi ya maelfu. Lakini Kivukoni ina diwani mmoja na Majohe ina diwani mmoja. Kura ya mkazi wa Kivukoni katika kumtafuta meya ina uzito mara kadhaa kuliko ya mkazi wa Majohe. Tume ya Uchaguzi imekata majimbo mapya ili kupunguza tofauti kama hiyo kwa upande wa ubunge. Kwa upande wa baraza, pembezoni mwa jiji wanaendelea kulaliwa, nami naona hili ni jambo zito kuliko lile la kumchagua meya moja kwa moja, ingawa halina mvuto wa kubishaniwa kijiweni.

Mipaka nayo hubadilisha hesabu. Januari 2016 Kinondoni ya zamani, yenye kata 34, ilimchagua Boniface Jacob wa CHADEMA kuwa meya. Ubungo ilipomegwa mwaka huo huo, yeye akawa meya wa Ubungo, na Kinondoni iliyobaki na kata 20 ikapata meya wa CCM. Wapiga kura walikuwa wale wale na madiwani wale wale. Kilichohama ni mstari kwenye ramani.

Pale jina linapokatwa

Ukifuatilia umeya kuanzia siku ya kupiga kura umeshachelewa. Hakuna mgombea binafsi katika sheria zetu: diwani lazima apitishwe na chama, awe na umri wa miaka 21 au zaidi, na ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Kwa hiyo mlango wa kwanza ni kura za maoni za chama ndani ya kata. Wapiga kura pale ni mamia ya wanachama. Mtu mwenye ndoto ya joho la meya anaanza na mamia hayo, na ndiyo maana miezi ile kata huwa na harusi zinazochangiwa vizuri na misiba isiyokosa maturubai. TAKUKURU huonya kila msimu. Na kila msimu maturubai yapo.

Mlango wa pili ni fomu ya uteuzi. Hapa ndipo wagombea wengi wa vyama vidogo, na wa vikubwa pia, huanguka kwa sababu ambazo mtu akizisikia hucheka: majina matatu kwenye fomu hayafanani na ya kwenye kadi ya mpiga kura, muhuri wa chama umekosekana, mdhamini si mpiga kura wa kata ile, tamko mbele ya hakimu halikusainiwa. Mgombea makini huandaa fomu zaidi ya nakala moja, hukaa na mtu wa sheria kuipitia mstari kwa mstari, na hurudisha mapema asubuhi, si saa tisa alasiri, ili akiambiwa kuna kosa apate muda wa kulirekebisha kabla ya dirisha kufungwa saa kumi. Akiwekewa pingamizi, hujibu kwa maandishi na kudai uamuzi kwa maandishi, kwa sababu rufaa kwenda Tume inabebwa na karatasi. Malalamiko ya mdomo hayasikilizwi na mtu.

Hapa kuna kiti cha mkurugenzi wa halmashauri, na kinahitaji maelezo. Mkurugenzi huteuliwa na rais. Ni katibu wa baraza na ndiye mwenye dhamana ya fedha, na kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa msimamizi wa uchaguzi katika eneo lake. Mei 2019 Mahakama Kuu ilisema wakurugenzi wasisimamie uchaguzi. Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Mjadala haujafa tangu hapo.

Mlango wa tatu ni kikao cha madiwani wa chama kimoja. Majina ya wanaoutaka umeya hupelekwa juu katika vikao vya chama, yanachujwa, yanarudi machache, na madiwani wa chama hicho wanapiga kura ya ndani kupata mmoja. Pale chama kimoja kinapokuwa na karibu kata zote, kama ilivyokuwa Dar mwaka 2020, na kama ilivyokuwa 2025 ambapo CHADEMA haikuwa hata kwenye karatasi, kikao hiki ndicho uchaguzi wenyewe. Kinachofanyika baadaye mbele ya kamera ni kuthibitisha. Ukitaka kujua meya atakuwa nani, usisubiri mkutano wa baraza. Uliza ni majina gani yamerudi kutoka juu, na ni nani kati yao madiwani wa viti maalumu wanamtaka. Wao wako wengi, wako pamoja, na wana kumbukumbu ndefu ya nani aliwasalimia na nani aliwapita.

Siku yenyewe

Mkutano wa kwanza wa baraza una hatua zake, na kila moja ina pahali pa kuteleza. Kwanza madiwani wanaapishwa mbele ya hakimu. Asiyeapa hapigi kura, hata kama alishinda kata yake kwa kishindo. Baada ya kiapo, kiti hukaliwa kwa muda na Katibu Tawala, kwa sababu meya bado hayupo. Orodha ya wajumbe husomwa jina kwa jina. Wagombea huitwa, hujieleza kwa dakika chache, huulizwa maswali ambayo mara nyingi si maswali. Sanduku hufunguliwa na kuinuliwa juu watu waone ni tupu. Kura ni ya siri. Huhesabiwa pale pale, karatasi moja moja, mawakala wa wagombea wakitazama.

Mshindi anavalishwa joho na mkufu, anaanza kuitwa Mstahiki Meya, anakaa kwenye kiti na papo hapo anaongoza uchaguzi wa naibu wake. Kisha zinaundwa kamati. Wageni wengi huondoka kwenda kupiga picha nje. Wanaojua hubaki, kwa sababu mgawo wa kamati ndio unaoonyesha nani alimuunga mkono nani.

Usiri wa kura hapa ni wa kulindwa hasa. Wajumbe ni wachache na wanajuana hadi mwandiko. Simu ikiingia kwenye kibanda cha kura, mjumbe anaweza kutakiwa apige picha karatasi yake kama risiti. Msimamizi mwangalifu huagiza simu ziachwe nje, hutoa kalamu za rangi moja, na hupanga vibanda visielekee mkutano. Alama ya ziada kwenye karatasi, hata nukta, huweza kuwa sahihi ya siri. Ndiyo sababu mawakala hubishana sana juu ya kura "zilizoharibika". Kura iliyoharibika katika chumba cha watu 52 waliosoma ni nadra kuwa bahati mbaya.

Kinachovuruga kuliko vyote ni orodha ya wajumbe. Mfano wake ulio hai ni Jiji la Dar es Salaam baada ya uchaguzi wa Oktoba 2015. Vyama vya UKAWA, muungano wa upinzani, vilichukua majimbo sita kati ya kumi ya mkoa na kata nyingi, kwa hiyo kwa hesabu meya wa jiji alikuwa wao. Uchaguzi ukaahirishwa, ukaahirishwa tena. Ugomvi ulikuwa ni wabunge gani wa viti maalumu wana haki ya kupiga kura Dar es Salaam, maana mbunge wa aina hiyo hana jimbo. Anahesabiwa mahali anapoishi, na makazi ni kitu kinachoweza kubishaniwa hadi jioni. Februari 2016 wajumbe walikwisha kukusanyika Karimjee, ukumbi uliowahi kukaliwa na Bunge, wakaambiwa kuna zuio la mahakama. Ikawa vurugu. Uchaguzi ulifanyika hatimaye Machi 22, 2016, na Isaya Mwita wa CHADEMA, diwani wa Vijibweni, akashinda kwa kura 84 dhidi ya 67 za mgombea wa CCM. Tangu wananchi wapige kura Oktoba 25 ilikuwa imepita karibu miezi mitano.

Funzo la kiufundi lililobaki pale ni hili: chama kinachotegemea wingi mdogo hukamilisha orodha yake mapema, kila jina na uthibitisho wa makazi, hukabidhi kwa mkurugenzi kwa barua na kubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Na huenda ukumbini na wakili, ili karatasi ikisomwa kwamba ni amri ya mahakama, awepo mtu wa kuuliza namba ya shauri, tarehe, na imetolewa na hakimu gani.

Lipo na tatizo la akidi. Upande wenye uchache ukiona unashindwa, hauhitaji kupinga. Inatosha utoke nje. Mkutano usiotimiza akidi hauwezi kuamua lolote, na siku zinakwenda. Dawa yake ni rahisi kusema: hakikisha watu wako wote wamo. Ndiyo asili ya ule utaratibu wa madiwani kuwekwa hoteli moja usiku wa kuamkia uchaguzi, wakala pamoja, wakapanda basi moja. Waandalizi huita semina elekezi. Wengine huita zizi.

Kumtoa ni kugumu, kwa makusudi

Sheria inaruhusu baraza kumwondoa meya kwa sababu zilizotajwa: kutumia vibaya nafasi, rushwa, mwenendo usiofaa, au kushindwa kufanya kazi. Madiwani wanaotaka hivyo huandika hoja, wanaisaini na kuiwasilisha kwa mkurugenzi. Tuhuma huchunguzwa. Meya hupewa nakala na nafasi ya kujitetea. Mwisho hupigwa kura, na kiwango ni theluthi mbili ya wajumbe.

Hesabu za theluthi mbili zimewaponza watu. Katika baraza la wajumbe 52, theluthi mbili ni 34 na chenji. Chenji haina miguu ya kutembea ukumbini, kwa hiyo unahitaji 35. Wajumbe 34 ni wengi sana na bado hawatoshi. Januari 2020 Isaya Mwita alipotangazwa kuondolewa, ubishi uliotawala ulikuwa wa aina hiyo hiyo: je, theluthi mbili ilitimia, na sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio ni za waliokuwepo kweli? Mwaka mmoja baadaye halmashauri yenyewe ikavunjwa, ubishi ukakosa kiti cha kugombania.

Kuna njia ya pembeni ambayo haihitaji hoja wala theluthi mbili. Diwani akihama chama anapoteza udiwani, uchaguzi mdogo unaitishwa. Kati ya 2017 na 2020 madiwani wengi wa upinzani walijiuzulu na kutangaza kwamba wanaunga mkono juhudi za Rais Magufuli. Kila aliyehama alikuwa kura moja iliyotoka upande mmoja wa baraza na mara nyingi kurudi kwa upande wa pili.

Anachoweza na asichoweza

Swali linalopaswa kuulizwa kabla ya yote haya, na watu huliuliza mwisho: meya wa hapa ana mamlaka gani? New York, meya humteua mkuu wa polisi. Dar es Salaam, polisi ni wa Serikali Kuu. Barabara za mitaa tangu 2017 ziko TARURA. Maji ni DAWASA. Mabasi ya mwendokasi yako chini ya DART. Kodi ya majengo ilitolewa halmashauri ikapelekwa TRA, na tangu 2021 inakatwa ukinunua umeme wa LUKU. Meya hasaini malipo. Mwenye dhamana ya fedha ni mkurugenzi, ambaye meya hamwajiri wala hamfukuzi.

Mtu akisoma orodha hiyo anaweza kusema basi, kazi ni joho na kukata utepe. Si kweli. Meya ni mwenyekiti wa kamati ya fedha na utawala, inayokaa kila mwezi. Taarifa ya mapato na matumizi inapita mkononi mwake mwezi kwa mwezi kabla haijafika kwenye baraza, ambalo hukaa kila robo mwaka. Anapanga ajenda pamoja na mkurugenzi. Bajeti ya mwaka unaoanza Julai 1 hujadiliwa na baraza miezi ya mwanzo wa mwaka, na mradi usiotajwa hapo hautajwi tena. Ushuru wa huduma, ambao kwa miaka mingi umekuwa asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni, leseni za biashara, masoko, machinjio, vibali vya ujenzi: hizo ndizo fedha baraza linazozigusa kweli, na Jiji, lenye Posta na Kariakoo ndani yake, linakusanya kuliko halmashauri yoyote nchini.

Humo ndani kuna asilimia 10 ya mapato ya ndani inayopaswa kwenda mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na marejesho yasiyorudi, ikarejeshwa 2024 kwa masharti mapya. Meya makini hupimwa hapo kuliko kwenye hotuba: vikundi vilivyopata ni vya kata gani, vimesajiliwa lini, na vimerejesha kiasi gani.

Kwa hiyo mgombea udiwani akija mlangoni kwako mwaka 2030 akaahidi lami, mwambie lami ni ya TARURA, akae chini. Muulize mengine. Utaomba kamati ipi, na kwa nini? Mara ya mwisho Kamati ya Maendeleo ya Kata ilikaa lini, na muhtasari uko wapi? Katika kikao cha chama utampigia nani umeya? Hilo la mwisho atalikwepa, atasema ni siri ya chama. Mtazame anavyolikwepa.

Na kati ya uchaguzi mmoja na mwingine, mikutano ya baraza iko wazi kwa wananchi. Tarehe huuliziwa kwa ofisa mtendaji wa kata au ofisi ya mkurugenzi. Ukiambiwa ni ya wajumbe tu, omba jibu hilo kwa maandishi. Nenda ule wa kumchagua naibu meya, unaofanyika kila mwaka. Ukumbi hauna msongamano, waandishi ni wachache, na kura anazopata naibu ndizo zinazoonyesha meya bado ana watu wangapi nyuma yake.